Deni la Habasha: Tuwashukuru Wazee wa Keya

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya Tarawehe, usiku wa kuamkia tarehe 17 Ramadhan, mbele ya vijana wa jumuiya yetu, Mombasa. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, ila tumepunguza yale ya kurudiarudia. – Mhariri)



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na wazee wetu mlioketi kwenye viti kule nyuma. Najua mmechoka. Mmefunga kutwa, mmefuturu, mmeswali, na sasa mwamwona huyu amekamata kipaza sauti. Msiogope, sitawaweka mpaka daku. Nina jambo moja tu, nalo ni shukrani.

Usiku huu ni usiku wa Badr. Mwaka wa pili wa Hijra, siku kama ya kesho, watu 313 hivi, wenye ngamia sabini na farasi wawili, walisimama mbele ya jeshi la karibu watu elfu moja. Walikuwa wamefunga, au wako safarini ndani ya Ramadhan. Kisa hiki twakijua, kila mwaka twakisikia. Lakini kuna sehemu yake ambayo hatuisimulii sana. Je, baada ya vita wale watu walifanywa nini? Walisahauliwa?

Hapana. Mtume (S.A.W.) aliwatukuza watu wa Badr mpaka mwisho. Hatib bin Abi Baltaa (R.A.) alipokosea kosa kubwa, akawaandikia barua Maquraishi kuwapa habari za siri, Sayyidna Umar (R.A.) alitaka aadhibiwe. Mtume akamkumbusha kwamba huyu ni mtu wa Badr, akasamehewa. Na Umar mwenyewe alipokuwa khalifa, akaanzisha daftari la posho, watu wa Badr aliwaandikia dirham 5,000 kwa mwaka, juu ya wengi waliosilimu baadaye. Yaani, ndugu zangu, kumlipa na kumuenzi askari aliyestaafu si jambo tuliloletewa na Wazungu. Liko kwetu tangu zamani.

Na twafundishwa kwamba mtu asiyewashukuru wanaadamu wenzake, shukrani yake kwa Mola wake ina kasoro. Basi nauliza: sisi vijana wa pwani, tumewashukuru wazee wetu waliorudi vitani?

Mimi nitaanza kwa kujilaumu mwenyewe. Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya. Vijana wa leo hamlijui neno hili. Keya ni King's African Rifles, lile jeshi la mkoloni lililoundwa 1902, watu wetu wakalitamka walivyoweza. Babu aliingia Keya mwaka 1940. Alikuwa na mkebe wa biskuti, ndani mna medali mbili na karatasi iliyokunjwa mpaka imechanika. Akikaa barazani baada ya Alasiri akianza, "Sisi tulipokuwa Habushi...", sisi wajukuu twakonyezana. Twasema, haya, babu amefungua redio. Mmoja mmoja twaondoka, kiatu mkononi. Akabaki akimsimulia paka.

Alifariki 1989, Mungu amrehemu. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuwahi kumuuliza hata suali moja. Nimekuja kuyatafuta mwenyewe baadaye, vitabuni, na kila nikisoma nasema, kumbe! Kumbe mzee alikuwa na elimu hii nyumbani mwetu.

Basi leo nataka kuwaonyesha alikuwa na nini. Lakini ili mfahamu, lazima turudi nyuma kidogo, mpaka Makka.

Mwaka wa tano wa utume, karibu mwaka 615 kwa hesabu ya miladi, Waislamu wa kwanza waliteswa kwa sababu ya dini yao. Mtume akawaelekeza wavuke bahari kwenda Habasha, kwa mfalme ambaye hakuna mtu anayedhulumiwa kwake. Mfalme huyo, Najashi, alikuwa Mnasara. Maquraishi wakamfuata na zawadi ili awarudishe. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akasimama akamsomea katika Suratu Maryam, na Najashi akakataa kuwatoa. Akarudisha zawadi za watu. Mnaona? Kabla Waislamu hawajawa na jeshi, kabla hawajawa na mji, uhuru wao wa kuabudu ulilindwa na mfalme wa Kiafrika. Naye alipofariki, Mtume alimswalia Salatul Ghaib akiwa Madina.

Hilo ni deni, ndugu zangu. Shikeni hapo, tutalirudia.

Sasa tuje karne iliyopita. Kulikuwa na jenerali mmoja wa Kitaliano, Rodolfo Graziani. Jina hili liwekeni kichwani. Huyu ndiye aliyeongoza vita vya kuwavunja Waislamu wa Libya upande wa mashariki. Watu walikusanywa kambini jangwani kwa maelfu, wakafa kwa njaa na maradhi. Tarehe 16 Septemba 1931 alinyongwa Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani, mzee wa zaidi ya miaka sabini, mbele ya watu wake. Hiyo ni kazi ya utawala wa kifashisti, na Graziani alikuwa mkono wake.

Mwaka 1935 Waitaliano wakaivamia Habasha, na 1936 wakauteka Addis Ababa. Graziani huyohuyo akafanywa mtawala wake. Februari 1937 alirushiwa maguruneti, akajeruhiwa. Kisasi chake kikawaangukia watu wa mjini, wakauawa maelfu. Kisha Mei 1937 akaagiza watawa wa Debre Libanos waangamizwe. Debre Libanos ni nyumba ya watawa ya Kinasara, ya heshima kubwa kwa Wahabeshi. Hesabu ya Waitaliano wenyewe ilikuwa mia kadhaa. Utafiti wa baadaye umefikisha kati ya 1,800 na 2,200, pamoja na mahujaji waliokuwepo. Watu walikuja kwa ibada, wakatiwa katika malori, wakapigwa risasi kando ya bonde.

Na hapa, ndugu zangu, kuna jambo chungu. Nilitaka kuliruka, lakini mawaidha yasiyosema ukweli hayana faida. Askari waliotumwa kuifanya kazi ile, wengi walikuwa Waislamu. Mkuu wao, Jenerali Maletti, alichagua makusudi kikosi cha askari wa Kiislamu wa makoloni, ili wasisite kuwaua Manasara. Miezi miwili tu kabla yake, Machi 1937, Mussolini alikuwa Tripoli, amepanda farasi, amekabidhiwa upanga, anajiita mlinzi wa Uislamu! Waislamu wa Habasha wakajengewa misikiti, wakapewa makadhi na shule za Kiarabu. Nao walikuwa na malalamiko ya kweli chini ya wafalme wao, kwa hivyo wako waliofurahi. Si ajabu.

Lakini jiulizeni. Mtu aliyemnyonga mwalimu wa Qur'ani mwaka 1931, akawaua watawa mwaka 1937, huyo apenda dini gani? Hapendi yoyote. Leo akupa msikiti, ili umshikie bunduki amuue jirani yako. Kesho zamu yako. Uhuru wa kuabudu unaopewa wewe kwa kunyang'anywa mwenzako si uhuru. Ni chambo kwenye ndoana.

Ndio maana katika Suratul Hajj, aya ya 40, nyumba za ibada zimetajwa namna nne kwa pamoja: za watawa, za Manasara, za Mayahudi na misikiti yetu. Tena msikiti ndio uliotajwa mwisho. Na zimetajwa pale panaposemwa kwamba Mwenyezi Mungu huwazuia baadhi ya watu kwa wengine ili zisivunjwe. Kasomeni nyumbani, msinitegemee mimi.

Sasa basi, waliokwenda kuzuia ni akina nani?

Februari 1941 jeshi liliondoka hapa kwetu Kenya, likavuka mto Juba. Kismayu ikaanguka tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Machi wakafika Harar, mji wa Waislamu. Tarehe 6 Aprili 1941 wakaingia Addis Ababa, na mwezi mmoja baadaye, Mei 5, Haile Selassie akarudi katika mji wake. Katika jeshi hilo walikuwemo Wanigeria, watu wa Gold Coast, watu wa Afrika Kusini, na askari wetu wa Keya. Keya ilikuwa na kila kabila na kila dini. Wengi hawakuwa Waislamu, tuseme kweli. Lakini Waislamu walikuwemo: Wanubi wa Kibra, Wasomali, Wayao kutoka Nyasaland na kusini ya Tanganyika, na vijana wa pwani kama babu yangu. Na tusiwasahau Wahabeshi wenyewe, waliopigana milimani miaka mitano bila kusalimu amri.

Vita vya Habasha havikuisha Aprili. Waitaliano walibaki Gondar, kaskazini, mpaka tarehe 27 Novemba 1941. Ramadhan ya mwaka ule iliangukia Septemba na Oktoba, na babu aliifungia kule kwenye milima.

Kisa hiki ndicho pekee nilichokisikia mpaka mwisho, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na homa, sikuweza kukimbia. Alisema baridi ilikuwa ya kupasua midomo. Jioni moja alikuwa zamu karibu na kanisa dogo la mawe. Alikuwa amefunga, na maji yake yamekwisha. Akaja mzee wa kanisa, ana kilemba cheupe, akampa kopo la maji na shayiri ya kukaanga mkononi. Babu akaonyesha jua: bado. Hawana lugha ya kusemezana. Yule mzee akatazama jua, akafahamu. Akaketi chini kando yake, kimya, wakalingoja pamoja mpaka likazama. Babu akapiga bismillahi akanywa. Mzee akaondoka.

Babu akamaliza akasema: "Watu wale walitupokea zamani. Nami nilikwenda kulipa." Mimi nilidhani anaropokwa na utu uzima. Kumbe mzee alikuwa akiizungumza hijra ya kwanza! Alijua yuko nchi ya Najashi. Sisi tuliosoma ndio hatukujua.

Najua kuna kijana hapa ana suali, naliona usoni. Atasema: "Maalim, lakini hao walikuwa askari wa mkoloni. Walimpigania Mfalme wa Uingereza, si Uislamu wala Habasha. Mbona tuwashukuru?"

Suali zuri, na sitalikwepa. Ni kweli. Wengine walijiunga kwa mshahara, wengine kwa kulazimishwa, wengine kwa ujana tu. Walipigania uhuru wa wengine nao wenyewe hawakuwa huru. Jeshi lilelile la Keya lilitumiwa baadaye kuwakandamiza Wakenya wakati wa Mau Mau. Yote hayo tuyaseme. Mimi sisemi tuishukuru himaya. Himaya ilijilipa yenyewe. Nasema tumshukuru mtu. Yule kijana wa miaka ishirini aliyepigwa na baridi ya Gondar hakuchagua vita, lakini milango ya Debre Libanos haingekuwa salama bila yeye na wenzake. Bunduki ile ile, mikono ya Waislamu vile vile: 1937 ilitumika kuua watawa, 1941 ilitumika kuuondoa utawala uliowaua. Tusipotenganisha haya mawili, tukawasahau wote kwa pamoja, basi tumewadhulumu waliofanya la heri, na hatujajifunza kitu kwa waliotumiwa.

Tena himaya yenyewe iliwashukuru vipi? Sikilizeni. Mishahara na malipo ya kuagwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Baada ya vita zote mbili serikali ya kikoloni ilitenga mashamba kwa askari wa Kizungu waje kulowea Kenya. Mwafrika akarudi na medali. Wanubi wa Kibra waliwekwa pale kama askari, kwenye ardhi ya zaidi ya ekari 4,000. Vizazi na vizazi wakaitwa wageni, hati hawana, hata vitambulisho taabu. Hati miliki waliipata 2017, ya ekari 288.

Na waliokufa? Mwanzoni mwa Februari 1944, meli Khedive Ismail iling'oa nanga hapa hapa Kilindini, ikipeleka askari kwenye vita vya Burma. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, na 675 kati yao walikuwa wa kikosi kimoja cha mizinga cha Afrika Mashariki. Kaburi lao ni bahari hii mnayoogelea Jumapili. Nani katika sisi amewahi kuwaombea dua?

Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya Vita Kuu vya Kwanza. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wao akaomba radhi bungeni. Radhi baada ya miaka mia. Lakini kabla hatujamnyooshea mtu kidole, tujiangalie. Mkebe wa babu yangu uko wapi? Sijui. Nyumba ilipakwa rangi, vitu vikatupwa. Hakuna Mwingereza aliyeutupa ule mkebe. Ni sisi.

Basi tufanye nini? Nitasema matatu, kisha nishuke.

La kwanza, ulizeni. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1941 leo amepita 100, kwa hivyo karibu wote wamekwisha. Lakini wako wajane na watoto wao, tena watu wazima. Zimo picha, zimo barua. Ramadhan hii, kila mmoja wenu aende kwa mzee mmoja na daftari, au arikodi kwa simu. Msikimbie viatu mkononi kama mimi. Na wako wastaafu wa jeshi la Kenya huru, mitaani mwetu, wengine wana ulemavu. Mtembelee mmoja na sahani ya futari. Usiende kumhoji siasa. Kaa naye tu, umsikilize.

La pili, dua. Nairobi, barabara ya Ngong, kuna makaburi ya vita na mnara wa majina ya wasio na kaburi linalojulikana. Pale kati ya mji kuna sanamu ya askari, na hapa Mombasa iko vilevile, barabara ya Digo. Twaipita kila siku tukienda sokoni, twaitumia kukutania tu. Ukipita, mwombee Muislamu aliye katika hao rehema, na wote uwatambue kwa wema wao.

La tatu ndilo kubwa. Lindeni mlichoachiwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, yampa kila mtu uhuru wa dini, na kifungu cha 170 kimeweka Mahakama za Kadhi. Lakini karatasi hailindi mlango. Bunduki nayo hufungua mlango tu, haiwezi kukaa ndani na watu. Angalieni Habasha yenyewe. Aprili 1974 Waislamu waliandamana Addis Ababa kwa maelfu kudai haki sawa, na Manasara wakatembea pamoja nao. Na mwishoni mwa 2020, katika vita vya Tigray, msikiti wa Najashi kule Negash uliharibiwa. Msikiti wa Najashi! Kwa hivyo kazi hii haiishi. Kila kizazi kina zamu yake.

Na si lazima uwe askari. Desemba 2015, basi la Mandera lilivamiwa, abiria wakaambiwa Waislamu wasimame upande huu na Wakristo upande ule. Waislamu wakakataa kutengana na wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Hakuwa na bunduki wala cheo cha jeshi. Alilipa deni lile lile la Habasha, kwa nafsi yake.

Siku mtu atakapokuja kwako kijana, akakwambia dini yako italindwa ukimdhuru jirani yako, mkumbuke Graziani na upanga wa Tripoli. Kisha mkumbuke mzee wa kanisa aliyekaa chini kungoja magharibi ambayo haikuwa yake.

Tuinue mikono. Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu waliokufa vitani na waliorudi wakasahauliwa. Walio chini ya bahari, Wewe wawajua kwa majina. Warehemu waliotulinda, wasamehe waliotumiwa, na utulinde sisi tusitumiwe. Tujaalie tuwe watu wa kushukuru. Zikubali saumu zetu, na ututakabalie usiku huu wa Badr. Amin, ya Rabbal alamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.